Mwongozi wa Wageni na Uchovu wa Moyo

Katika kazi nyingi zinazofanywa na watu wa Tabora iko moja ambayo wengi huidhani kuwa nyepesi, nayo ni kazi ya kuwaongoza wageni. Utamsikia mtu akisema: Yule hana kazi, hutembea tu, huonyesha nyumba kongwe na miembe, husema maneno yale yale ya jana, kisha hupewa fedha. Usemi huu ni wa mtu asiyeyajua mambo. Wazee walikwisha kutuonya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na katika mji huu, ambao vijana wake walichukua mizigo ya kweli mabegani kwa miaka mingi, methali hiyo ingepasa kufahamika kuliko mahali pengine.

Kweli, mwongozi wa leo hachukui pembe wala majora ya nguo. Huchukua kitu kisichopimwa kwa frasila: huchukua uso wake, sauti yake na subira yake, akavitoa kwa watu asiowajua tangu asubuhi hata jioni. Akiwa na huzuni, yampasa kuchangamka. Akiumwa na kichwa, yampasa kujibu. Akiulizwa neno ambalo amekwisha kuulizwa mara mia, yampasa kulipokea kana kwamba ni geni masikioni mwake. Na kwa kuwa mzigo huu hauonekani, hatokei mtu wa kumwambia: Ndugu yangu, tua upumzike.

Twayaandika haya kwa ajili ya waongozi wenyewe, na zaidi kwa ajili ya watu wa nyumba zao; kwa maana uchovu wa mwongozi huanza njiani, walakini huonekana nyumbani.

NJIA ILIYO MLANGONI PETU

Ng'ambo tunayoitaja hapa si ile ya Unguja ambayo wengi wameisikia. Ni Ng'ambo ya Tabora, kata moja ya mji wetu. Mwongozi akaaye huko, akitaka kumpeleka mgeni Kwihara, ana mwendo wa kilomita chache tu kuelekea kusini-magharibi. Hapo Kwihara iko tembe iliyotengenezwa upya ikawa nyumba ya makumbusho, na wageni huijua kwa jina la Livingstone. Stanley na Livingstone walifika hapo kutoka Ujiji katika mwezi wa Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hata tarehe 25 Agosti, ndipo aliposhika safari yake ya mwisho.

Njia yenyewe ilikuwa ndefu kuliko khabari za watu wawili hao. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, kisha ikaenda mpaka Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiandikisha njia hii kwa UNESCO katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa ulimwengu, na jina iliyoandikiwa ni la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kwihara imetajwa humo pamoja na Bagamoyo na Ujiji.

Basi mwongozi wa Tabora hana mnyama wa kumwonyesha mgeni, wala mlima wenye theluji. Tabora si Serengeti. Alicho nacho ni khabari. Khabari ikisemwa na mtu aliyekufa moyo, nayo hufa. Na mgeni ataona udongo na miti tu, arudi kwao akisema kwamba Tabora hakuna kitu. Ndiyo sababu twasema kwamba jambo hili si la mwongozi peke yake. Akichoka yeye, sisi sote tumepoteza ulimi.

UCHOVU WA NAMNA GANI?

Yafaa tupambanue. Kuna uchovu wa mwili, ambao dawa yake ni chakula na usingizi. Mtu akilala usiku huamka mzima. Na kuna uchovu wa moyo, ambao mtu hulala nao akaamka nao. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilieleza uchovu wa kazi wa namna hii. Lilisema kwamba wenyewe si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na taabu ya kazi iliyodumu pasipo kutengenezwa vyema, nalo likataja alama zake tatu: nguvu huisha, moyo hujitenga na kazi ukaanza kuidharau, na mtu huona kwamba hawezi tena kuifanya ikafaa.

Mwenye kumjua mwongozi atazitambua alama hizi. Ya kwanza, huanza kuhesabu saa kabla mgeni hajashuka garini. Ya pili, huwacheka wageni wakiisha kuondoka, huwaita wajinga kwa kuuliza maswali, naye asahau kwamba lau wangelijua wasingalimhitaji. Ya tatu, hujisemea moyoni: Nisema nisiseme, ni mamoja. Anayefika hapo amekuwa kama sahani ya santuri: sauti iko, msemaji hayupo.

Tena uchovu huu una sura mbili. Huko Arusha na Unguja, mwongozi aweza kuchoka kwa wingi wa watu. Kundi hili halijaondoka, lile limefika. Hapa Tabora mara nyingi huchoka kwa kungoja. Hupita siku nyingi asije mtu. Kisha mgeni mmoja hutokea ghafula, ana haraka ya kuwahi gari, ataka picha mbili na maelezo ya robo saa. Kungoja nako ni kazi, tena ni kazi isiyo na ujira. Msidhani kwamba asiyeshughulika hachoki.

KHABARI YA SIDI MUBARAK BOMBAY

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya siku hizi. Katika njia hii hii alipita mwongozi ambaye khabari zake zimeandikwa, na ndani yake twauona uchovu wa moyo waziwazi, ingawa walioandika hawakuuita kwa jina hilo.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akachukuliwa Bara Hindi, na huko ndiko lilikotoka jina lake la Bombay. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Unguja, akawa askari. Mwaka 1857 alijiunga na msafara wa Burton na Speke. Waliondoka pwani mwezi wa Juni, na tarehe 7 Novemba wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii. Kwa kuwa Speke hakukijua Kiswahili, na wote wawili walijua Kihindustani, maneno ya Speke yalipita kinywani mwa Bombay kwanza, ndipo yakawafikia watu. Na maneno ya watu yalirudi kwa njia hiyo hiyo. Wazungu wale wawili walimsifu sana katika vitabu vyao kwa uaminifu wake na kwa bidii yake.

Mwaka 1860 Speke alimchukua tena, pamoja na Grant, wakaenda mpaka Uganda, wakaifuata Naili, wakatokea Misri mwaka 1863. Mwaka 1871 Stanley akamchukua kwenda kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 Cameron akamchukua, wakatembea kutoka Bagamoyo mpaka bahari ya magharibi, wakaifikia Novemba 1875. Hesabu miaka, ewe msomaji: safari nne kubwa katika muda wa miaka kumi na minane, karibu zote kwa miguu.

Sasa tazama jambo hili. Cameron aliandika kwamba alimkuta Bombay amepungukiwa na ile bidii aliyokuwa nayo katika safari za kwanza, na kwamba alizitegemea mno sifa zake za zamani. Stanley naye alimlalamikia. Mtu ni yule yule. Aliyesifiwa mwaka 1857 ndiye aliyelaumiwa mwaka 1873. Je, tuseme aligeuka akawa mvivu?

Mwenye insafu atauliza kwanza: Katika miaka ile alitendewa nini? Speke aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba siku moja alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu. Stanley aliandika kwamba alimpiga kwa fimbo. Mpagazi akitoroka, Bombay aliulizwa. Mtumbwi usipopatikana, Bombay aliulizwa. Wapagazi wakitaka posho, walimlilia yeye. Bwana akikasirika, alimkasirikia yeye. Alisimama kati ya pande mbili, na kila upande ulimwona kuwa ni wa upande wa pili. Tena tukumbuke kwamba walioandika ni wale walioongozwa. Yeye Bombay hakutuachia kitabu cha kusema upande wake.

Hata hivyo aliwafikisha. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni, naye akafariki mwaka 1885. Heshima hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuja safari zimekwisha. Sifa ya mwisho wa kazi haiponyi uchovu wa katikati ya kazi. Mwongozi ahitaji kutazamwa angali njiani.

SHERIA YA MSAFARA

Ajabu ni kwamba watu wa njia hii walijua zamani jinsi ya kuutunza mwendo. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, naye alishika bendera. Burton aliandika kwamba mtu akimtangulia kirangozi njiani alitozwa faini. Kwa nini? Kwa sababu mwenye haraka mmoja huwachosha mia. Kirangozi alikuwa ndiye kipimo cha mwendo. Hakukimbia, wala hakukimbizwa.

Safari ilianza alfajiri, na kambi ikapigwa kabla ya jua kuwa kali sana. Mwendo wa mchana, waliouita tirikeza, haukuwa wa kila siku. Uliwekewa mahali pasipokuwa na maji, kwa kuwa walijua kwamba mwili hauwezi kuvumilia hayo siku zote. Kufika Unyanyembe hakukuwa kupita tu, kulikuwa kupumzika: mizigo ilitengenezwa, wapagazi wengine wakatafutwa, wagonjwa wakauguzwa. Burton na Speke walikaa Kazeh zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea.

Tena Wanyamwezi wengi walikwenda pwani wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakarudi kwao kulima mvua zikaribiapo. Hawakuwa wapagazi mwaka mzima. Mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, ulikuwa ni fahari kwa kijana, kwa sababu ulikuwa na mwanzo wake na mwisho wake, na nyuma yake lilikuwako jembe, na mke, na watoto.

Basi tuwatazameni: watu waliochukua mizigo mizito kuliko yetu walikuwa na sheria ya kupumzika, nasi tulio na mizigo isiyoonekana hatuna.

MAMBO MATANO YANAYOMFAA MWONGOZI

La kwanza, apime mwendo. Ajiwekee hesabu ya safari anazoziweza kwa siku moja, asiizidishe kwa tamaa ya siku njema. Siku ya tirikeza itakuja, kundi kubwa litafika, naye atalihudumia mpaka magharibi. Walakini baada ya siku hiyo na apige kambi. Baina ya mgeni na mgeni apate nusu saa ya kukaa kimya, anywe maji, asali, anyamaze. Na msimu ambao wageni ni haba asiuhesabu kuwa ni msiba. Huo ndio wakati wa jembe lake: awe na shamba, au nyuki, au ufundi wowote mwingine. Mwenye kazi ya pili hangojei kama mfungwa.

La pili, amjue mgeni kabla ya kumwambia. Waongozi wengi huchoka kwa sababu husema neno moja kwa kila mtu, kama mvua inyeshayo juu ya mawe na mashamba sawasawa. Na aanze kwa kuuliza: Umetoka wapi? Umesikia nini juu ya Tabora? Wataka kujua nini? Mzee aliyesoma vitabu vya Stanley ana haja yake. Mtoto wa shule kutoka Nzega ana haja yake. Na mtu mweusi aliyetoka Marekani, ambaye babu zake walivushwa bahari nyingine kwa minyororo, huyo ana haja nyingine kabisa, tena yenye machozi. Ukisema na mtu, husemi maneno yale yale, ijapokuwa khabari ni ile ile. Muadhini huita kwa maneno yale yale mara tano kila siku, na mwalimu wa chuo humsomesha alifu mtoto wa leo kama alivyomsomesha baba yake. Hatusemi kwamba wao ni santuri, kwa sababu kila mmoja anajua amwitaye na amfundishaye. Kwako wewe mwongozi ni mara ya elfu. Kwake mgeni ndiyo ya kwanza, na yawezekana ndiyo ya mwisho.

La tatu, asome. Hapana kitu kimchoshacho msemaji kama kuwa na elimu ya saa moja tu na kuitumia miaka kumi. Burton alipokuwa Kazeh alikaribishwa na Snay bin Amir, mfanyi biashara wa Kiarabu, ambaye alimsifu kwa kusoma kwake na kwa kumbukumbu zake. Naye alimweleza Burton mengi juu ya nchi, lugha na maziwa ya mbali. Huyu alikuwa mwenyeji aliyewaeleza wageni pasipo kukinai, kwa kuwa alikuwa mtafutaji mwenyewe. Na mwongozi ajifunze jambo moja jipya kila mwezi. Mwezi huu asome khabari ya Mtemi Isike, aliyepigana na Wajerumani, na Januari 1893, ngome yake ilipoingiwa, akawasha baruti kuliko kushikwa. Mwezi wa pili asome Mirambo wa Urambo. Mwezi wa tatu, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ikaimaliza kazi ya wapagazi. Mwezi wa nne, Wabelgiji walivyouingia mji huu Septemba 1916. Mwezi wa tano, mkutano wa TANU wa mwaka 1958 uliofanyika hapa Tabora, ulipoamuliwa kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu. Kuna na maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Na juu ya hayo yote wako wazee wa Ng'ambo na wa mitaa mingine, ambao kila mmoja ana khabari ya babu yake, nao hawatakaa siku zote. Mwenye kufanya hivi, baada ya mwaka ana milango kumi na miwili; hafungui mmoja tu.

La nne, aseme kweli. Hili wengi hawalidhani kuwa ni dawa ya uchovu, nalo ni dawa kubwa. Njia ya mwongo ni fupi, tena inachosha. Yuko mwongozi ambaye humpa kila mgeni apendalo: kwa Mzungu husema Wazungu walikuja kuokoa, kwa mwenziwe husema hapakuwa na watumwa, wapagazi tu. Jioni hulala na nyuso mbili, asijue uso wake ni upi. Ukweli ni kwamba njia hii ilipitiwa na wapagazi huru wa Kinyamwezi waliojivunia kazi yao, na ilipitiwa pia na watu waliofungwa shingoni. Wenye misafara walikuwamo Waarabu, na Waswahili, na Wanyamwezi wenyewe, na wengi wao walikuwa watu wa dini yetu; na pembe na mali ilikwenda kwa wanunuzi wa nchi za mbali, wa Ulaya na Marekani wakiwamo. Kulificha jambo hili hakuiongezei dini heshima, na kulitia chumvi hakuwaongezei waliodhulumiwa haki. Mwenye kulisema kwa adabu na kwa insafu, bila ya kumtukana mtu na bila ya kumficha mtu, hulala usingizi.

La tano, ajue ni kwa ajili ya nini. Mwezi wa Oktoba 1873 kiliwasili Kwihara kikundi cha watu wakiongozwa na Susi na Chuma, wamechukua mwili wa Livingstone aliyekufa mwanzo wa Mei katika nchi ambayo leo ni Zambia. Cameron, aliyekuwapo hapo, aliwashauri wauzike mwili papo hapo. Lilikuwa shauri la kuwapunguzia taabu, nao walikuwa wamechoka bila shaka. Wakakataa. Wakachukua mzigo wao, wakafika nao Bagamoyo Februari 1874. Hawakuwa na nguvu kuliko watu wengine. Walikuwa na jambo waliloliazimia. Mwongozi asemaye, Mimi natafuta mkate tu, mkate ukipungua na moyo hupungua. Lakini asemaye, Mimi nahifadhi majina ya watu ambao wasingetajwa, huyo hata mwezi wa mgeni mmoja una maana. Na atie azma hii: mgeni yeyote aingiaye Kwihara kwa ajili ya Livingstone, atoke akilijua na jina la Bombay, na la Susi, na la Chuma, na la Isike.

NYUMBA YA MWONGOZI

Sasa twageukia watu wa nyumbani. Mtu aliyesema mchana kutwa hurudi amemaliza maneno. Mke amngojea azungumze, watoto wamngojea awasimulie, naye hujibu kwa kichwa. Huyu ambaye wageni wamemsifu kwa uchangamfu, nyumbani hukaa kama jiwe. Mke huumia, akasema: Wageni wapewa kicheko, sisi twapewa mgongo. Na ana haki ya kusema.

Tukumbuke kisa cha masahaba wawili, Salman na Abud-Dardaa. Salman alimzuru ndugu yake akamkuta mkewe amejiacha, hana haja ya kujipamba, kwa kuwa mumewe alikuwa akifunga mchana na kusali usiku, hana wakati na mtu. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe yake. Khabari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alithibitisha kwamba Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada haikuruhusiwa kuila haki ya mwili na ya nyumba, itakuwaje kazi ya kuonyesha tembe?

Kwa hivyo pande zote mbili zina wajibu. Mwongozi awekee nyumba yake akiba ya sauti, kama awekavyo akiba ya unga. Asiwape wageni yote. Na mke ampe mumewe muda kidogo afikapo, aoge, asali, akae. Asimpokee kwa hesabu ya sukari mlangoni. Akiisha kupumua, mtoto mmoja na amwulize: Baba, leo umejifunza nini kwa mgeni? Swali hili lina faida mbili. Mtoto hupata elimu, na baba huanza kumsikiliza mgeni wake mchana, akijua kwamba jioni ataulizwa.

Ama akiwa mwongozi ni mwanamke, mambo yamegeuka lakini haki haikugeuka. Huyo huamka kabla ya watu kupika, huongoza wageni, kisha hurudi kupika tena. Mume mwenye busara hamngojei amkaribishe na yeye kana kwamba ni mgeni wa mwisho wa siku. Achote maji, awashe moto, awaogeshe watoto. Hapana aibu ndani yake. Aibu ni kukaa kitini ukimtazama mtu akizimika.

Na fedha nayo isemwe. Nusu ya uchovu wa mwongozi ni khofu ya kesho. Msimu wa wageni ukifika, mume na mke wakae pamoja, waweke kando sehemu ya kila malipo kwa ajili ya miezi iliyo tupu, kama mkulima awekavyo mtama ghalani. Mwenye akiba humkaribisha mgeni kwa moyo. Asiye na akiba humtazama mkono.

Mwisho, sisi wenyeji tusiwaachie waongozi kazi yote. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapelekeni watoto wenu Kwihara. Wengi wamezaliwa Tabora, wamekua Tabora, na hawajaingia tembe ile hata siku moja, ilhali watu wametoka ng'ambo ya bahari kuja kuitazama. Mwongozi akimwona mtoto wa Ng'ambo amesimama mbele yake, anasikiliza kwa macho makubwa khabari za babu zake, uchovu wa mwezi mzima humtoka. Kwani huyo si mgeni wa kupita. Ndiye atakayeshika bendera baada yake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitunza nyoyo zetu katika kazi zetu, na kuwatunza walio majumbani mwetu. Amin.